Banda na Bustani Zikikosana: Tafuta Chanzo Kabla ya Kubomoa

Kiwanja cha futi 50 kwa 100 kikishapata nyumba, choo na mahali pa kuanika nguo, kinachobaki hugawanywa kati ya kuku na mboga. Ndivyo wanavyoishi wengi Bombo, Arua, Jinja na pembezoni mwa Kampala. Matatizo yakianza, kila moja hupelekwa kwa mtu wake. Kuku wakipiga chafya anaitwa daktari wa mifugo. Nakati, ile mboga ya majani, ikigeuka njano mtu anakwenda duka la pembejeo kuuliza dawa. Kote huko atauziwa kitu. Lakini kwenye kiwanja kidogo maji yanayotoka bandani ndiyo yanayofika kwenye matuta, na majani yaliyopuliziwa dawa ndiyo yanayoishia tumboni mwa kuku. Ukiona ugonjwa upande mmoja, mara nyingi chanzo kimekaa upande wa pili.

Kabla ya kununua chochote, zunguka kiwanja mara mbili. Mara ya kwanza ni mvua ikiwa inanyesha kweli kweli: chukua mwavuli, ufuate maji yanatoka wapi na yanatulia wapi. Mara ya pili ni usiku, kuku wakiwa wamelala, na tochi mkononi. Mengi yaliyoandikwa hapa chini utayaona kwenye mizunguko hiyo miwili.

Banda linanuka mpaka macho yanawasha

Pima asubuhi kabla ya kufungua, ukiwa umeinama usawa wa kichwa cha kuku. Ukipima umesimama mlangoni utajidanganya, na kama wewe ndiye unayefagia kila siku pua yako imeshazoea. Mwite mtoto au mgeni akuambie. Harufu hiyo ni amonia. Inatokea vijidudu vinapovunjavunja kinyesi chenye unyevu, na ndiyo inayochoma macho na njia ya hewa ya kuku mpaka magonjwa mengine yanapata mlango. Kinyesi kikavu hakitoi amonia nyingi. Kwa hiyo kazi yako ni kujua maji yanatoka wapi. Harufu itaondoka yenyewe.

Chota matandazo, uyafinye. Yakibaki yamefumbata kama tonge la posho (ugali), yamelowa. Yakiachia na kumwagika taratibu, yako sawa. Yakiruka vumbi, yamekauka mno, na hapo chafya unazozisikia huenda ni za vumbi tu.

Kisha angalia ni wapi pamelowa. Pakiwa ni kando ya ukuta mmoja, ni mvua ya upepo, na kosa liko kwenye upenu. Mafundi wengi huacha bati litokeze kidogo tu nje ya ukuta ili wasikate bati jingine. Ukanda wa Ziwa Viktoria una mvua za dhoruba zinazopiga kwa ubavu. Upenu usipungue sentimita 60, na upande unaopigwa zaidi uongeze. Pazia la gunia au turubai linasaidia, lakini lifungwe chini na kufunika kuelekea juu, ili sehemu ya juu ya ukuta ibaki wazi wakati wote. Hewa yenye amonia lazima ipate pa kutokea. Nimeona mabanda yaliyozibwa kila upande kwa kuogopa baridi, hata Entebbe, mahali ambapo kuku mkubwa hana baridi ya kumtisha. Anayehitaji joto ni kifaranga, na huyo hupewa kona yake.

Pakiwa pamelowa kuzunguka chombo cha maji, inua chombo kifike usawa wa mgongo wa kuku. Asipokwangua karibu na maji hamwagi. Bora zaidi, kiweke juu ya fremu ya waya yenye changarawe chini yake, au kitoe nje uani.

Pakiwa pamelowa chini ya fito za kulalia, hiyo ni kawaida: sehemu kubwa ya kinyesi huanguka usiku kuku wakiwa wamelala. Weka ubao au bati chini ya fito, ukwangue kila asubuhi. Kazi ni ya dakika chache, na inapunguza mzigo wa matandazo kuliko kuongeza magunia ya maranda. Tena kinyesi hicho ndicho safi zaidi kwa mboji, maana hakina mbao ndani yake.

Sakafu ikiwa na unyevu hata kwenye kona isiyofikiwa na mvua wala chombo cha maji, na hali ikizidi Aprili na Novemba, maji yanapanda kutoka chini. Banda limejengwa chini ya usawa wa ua, na hapo maranda hayatasaidia kitu hata uongeze kila wiki. Toa matandazo yote, jaza marramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa mpaka sakafu ipande sentimita 20 au 30 juu ya ua, na uchimbe mtaro upande wa juu wa mteremko.

Na pakiwa pamelowa kila mahali, hesabu kuku. Mmoja mkubwa hutoa zaidi ya gramu 100 za kinyesi kwa siku, na robo tatu yake ni maji. Kuku 20 wanamwaga ndani ya banda karibu lita moja na nusu ya maji kila siku bila tone la mvua kuingia. Kwa kuku wa mayai, wanne kwa mita moja ya mraba wanatosha. Sita wataishi, lakini utaishi na harufu. Kama kinyesi chenyewe ni cha majimaji au kina damu, hasa kwa vifaranga wa wiki tatu hadi sita, hilo ni suala la koksidia, vimelea vya utumbo. Daktari atakupa amproliamu, lakini matandazo yasipokauka ugonjwa utarudi.

Kuhusu majivu: karibu kila mtu atakushauri uyamwage bandani yakate harufu. Juu ya matandazo yaliyolowa yanafanya kinyume chake. Majivu ni alkali, na alkali huifukuza amonia itoke kwenye kinyesi kwa kasi zaidi. Chokaa nayo ni vilevile. Majivu yana kazi nzuri sana kwingine, nitafika huko.

Ukinunua makapi ya kahawa ya kutandaza, yanayopatikana kwa wingi Masaka na Mukono, au makapi ya mpunga ya upande wa Bugiri, fungua gunia na unuse kabla ya kulipa. Yakinuka uvundo au yakiwa na ukungu mweupe, yaache. Ukungu huo huingia kwenye mapafu, na kuku atahema mdomo wazi wala hakuna antibiotiki itakayomsaidia.

Mboga zinaungua, zinageuka njano, au zinajaa majani bila kuzaa

Mbolea ileile ya kuku inaweza kuleta matatizo manne yasiyofanana, na dawa ya moja inazidisha jingine. Usikimbilie kuongeza wala kupunguza mbolea kabla hujajua uko kwenye lipi.

La kwanza ni kuungua. Kingo za majani zinakauka na kuwa kahawia, miche inanyauka ingawa udongo una maji, na yote yanatokea siku chache tu baada ya kuweka mbolea. Hicho ni kinyesi kibichi. Amonia na chumvi zake zimechoma mizizi. Kwangua mbolea uiondoe karibu na shina, mwagilia maji mengi mara moja yashuke chini, halafu usiguse kitu kwa wiki mbili. Miche ya nyanya na kabichi hufa upesi. Mgomba huvumilia mbolea ambayo ingeua tuta zima la miche.

La pili linachelewa. Wiki kadhaa baada ya kuchimbia matandazo ya banda kwenye tuta, majani ya chini yanaanza kuwa njano, mmea umedumaa, na mwenye bustani anaapa kwamba ameweka mbolea nyingi. Kweli ameweka. Ila sehemu kubwa ilikuwa maranda au vumbi la mbao, na vijidudu vinavyoozesha mbao vinahitaji naitrojeni. Visipoipata kwenye mbao vinaichukua udongoni, na sukuma wiki inabaki na njaa. Vumbi la mbao ni baya kuliko maranda kwa sababu ni laini na limegusana na udongo kila upande. Yakitandazwa juu ya tuta hayana madhara makubwa. Shida ni kuyachimbia. Kwa msimu huu, yape mashina mbolea iliyooza vizuri, ile ya kwenye ubao wa chini ya fito ukiwa umeiweka kwenye lundo la mboji mapema. Kwa msimu ujao, matandazo yote yapitie lundo kwanza.

La tatu linawafurahisha watu mpaka wakati wa kuvuna. Nyanya zimepanda juu, majani mazito ya kijani kibichi, maua machache, matunda ya kuhesabu. Naitrojeni imezidi. Usipulizie kitu. Mahali hapo panda mboga za majani: sukuma wiki, dodo (mchicha), nakati, kabichi, hizo ndizo zinazoshukuru. Nyanya na biringanya zihamie tuta lililopata mbolea msimu uliopita, na maharage hayana haja ya mbolea ya kuku hata kidogo. Nyanya zikiwa na doa jeusi lililobonyea kwenye kitako cha tunda, wengi huita ugonjwa na kununua dawa ya ukungu. Tunda limekosa kalisi kwa sababu maji yanakuja na kukatika, na mbolea yenye amonia nyingi inazidisha hali hiyo. Mwagilia kwa mpango, tandaza majani makavu, subiri.

La nne halina uhusiano na mbolea. Njano imeenea juu na chini, na ukichimba kidogo udongo unanuka tope. Mizizi imezama. Ukifuata maji siku ya mvua utakuta bati la banda linamwagia tuta hilo. Gata (mfereji wa ukingo wa bati) na pipa la lita 200 vinamaliza tatizo, na maji yake yatakufaa wakati wa kiangazi.

Lundo lenyewe si kazi ya ufundi mkubwa, lakini linataka ukubwa. Lisipofika walau mita moja kila upande halipati joto. Changanya sehemu moja ya kinyesi na takriban mbili za vitu vikavu: majani ya migomba, mabua ya mahindi, nyasi. Kama ni matandazo yenye maranda tayari, ongeza vitu vibichi badala ya vikavu. Chomeka nondo katikati, iache dakika kumi. Ukiichomoa ikawa moto usioshikika, lundo linafanya kazi. Geuza kila wiki ili kilichokuwa nje kiingie ndani, maana vijidudu vya maradhi vinakufa pale tu joto linapofika nyuzi 55 na kuendelea kwa siku kadhaa. Lifunike na turubai au majani ya migomba, la sivyo mvua itasafisha naitrojeni yote na kuipeleka kwa jirani. Baada ya miezi mitatu au minne liwe jeusi, lina harufu ya udongo, na hutambui tena kinyesi ni kipi.

Usiliruke hili kwa sababu ya haraka. Kinyesi kibichi hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha watu. Kwa mboga au matunda yanayogusa udongo, hasa yanayoliwa mabichi, kanuni inayotumika sana kwenye kilimo hai ni kuacha siku 120 kati ya kinyesi kibichi na mavuno. Dodo huanza kuvunwa wiki chache tu baada ya kupandwa. Maana yake tuta la dodo lisione kinyesi kibichi kabisa.

Mambo yote haya yakishindikana kueleza njano unayoiona, peleka sampuli ya udongo kwenye maabara ya utafiti wa kilimo Kawanda, barabara ya Bombo. Itakugharimu kidogo kuliko misimu miwili ya kubahatisha.

Kuku wameingia bustanini tena

Angalia saa. Wakivamia asubuhi mara tu baada ya kufunguliwa, wana njaa: wape chakula wakiwa bado ndani ya ua, ndipo ufungue. Wakivamia saa sita hadi saa tisa mchana, hawatafuti mboga, wanatafuta kivuli na udongo laini wa kuogea vumbi. Tuta ulilomwagilia asubuhi ndilo linalowafaa kuliko mahali pengine popote kiwanjani. Hapa ndipo majivu yanapohusika: tengeneza boksi au shimo la kina cha sentimita 20 chini ya paa, ulijaze udongo mkavu uliochanganywa na majivu, na upande kitu cha kivuli uani, hata mpapai au mmea unaotambaa juu ya fito. Kuku aliyeoga vumbi lake pia ana chawa na utitiri wachache.

Kisha angalia walipopitia. Kuku wa kienyeji wanaruka juu; ua wa mita moja na nusu hauwazuii wote, hasa kama juu kuna ubao au fito ya kutua. Ondoa hiyo fito, uache waya juu ulegee. Kata manyoya ya bawa moja tu, maana ukikata yote mawili bado atapaa kwa usawa. Kuroiler, wale wenye asili ya India, ni wazito na kwa kawaida hupenya chini. Hao wazuie kwa kuzika waya au kupanga mawe.

Lakini mara nyingi kosa ni mlango. Fundi aliuweka upande unaotazama jikoni ili mama wa nyumba asitembee mbali, na jikoni ndiko kwenye mboga. Kila mlango unapofunguliwa kuku wanatokea moja kwa moja kwenye matuta. Kuhamisha mlango ni kazi ya nusu siku.

Ua ukiwa umebaki udongo mtupu, na mvua inaugeuza tope, jaribu nyua mbili, banda likiwa katikati na kimlango kila upande. Msimu huu kuku wako kushoto, mboga ziko kulia. Baada ya mavuno unabadilisha. Kuku watamaliza mabaki, viwavi na mbegu za magugu, na kuacha mbolea. Upande walioutoka kuku, anza na mazao ambayo hayaliwi mabichi na yanayokaa muda mrefu shambani, kama mahindi. Hata minyoo ya kuku inapungua, kwa sababu mayai yake yanakaa udongoni bila kuku wa kuyala. Wengine hupendekeza banda la magurudumu la kusogeza juu ya matuta. Ni zuri kwenye picha. Kwenye mitaa yetu, banda ambalo watu wawili wanaweza kulibeba, wezi wawili pia wanaweza, hasa Krismasi ikikaribia.

Mayai yanaokotwa kwenye nakati, machafu, au hayapo

Mtetea anataka giza, utulivu na nyasi kavu. Kiota kikitazama mlango wenye mwanga, atachagua kichaka chako cha nakati. Kiota cha sentimita 30 kwa 30, kina ukingo wa mbele na kigunia kilichoning'inia, kimoja kwa kuku wanne au watano, kinatosha. Wafungie ndani mpaka saa nne au saa tano asubuhi kwa wiki moja. Wengi watakuwa wameshataga, na watajifunza.

Mayai yakiwa na kinyesi, kuku wanalala kwenye viota. Hupenda kulala mahali pa juu kabisa, basi fito za kulalia ziwe juu kuliko viota. Hilo tu.

Kuku waliokuwa wakitaga viotani kisha wakavikataa ghafla, au wanaogoma kuingia bandani jioni, ndio wanaohitaji mzunguko wako wa usiku. Pitisha kitambaa cheupe chini ya fito na kwenye nyufa za mbao. Kikitoka na madoa mekundu, una utitiri mwekundu: mchana unajificha kwenye nyufa, usiku unanyonya damu. Kumpulizia kuku dawa mchana hakuugusi, kwa sababu hauko juu ya kuku. Toa fito na viota, vimwagie maji ya moto, ziba nyufa, na rudia baada ya wiki moja kwa sababu mayai yake yatakuwa yameanguliwa. Kwenye banda jipya tumia fito za mti mzima uliomenywa gome, maana chini ya gome ndipo unapozaliana. Viroboto vyeusi vilivyoganda kuzunguka macho na mdomo ni jambo jingine: hivyo vinabaki juu ya kuku, na mabuu yake yanaishi kwenye vumbi la sakafu. Paka mafuta ya mgando vikose hewa, kisha badilisha matandazo yote.

Asubuhi kuku amepungua

Usifagie kabla ya kuangalia. Mwili uko ndani karibu na waya, kichwa au bawa halipo: kuna mnyama aliyemvuta akiwa nje. Waya wa kuku wa matundu makubwa humzuia kuku kutoka, lakini haumzuii mnyama kuingiza mkono. Sehemu ya chini, sentimita 60 hivi, weka waya mgumu wa matundu madogo, na fito za kulalia zikae mbali na ukuta. Kuku kadhaa wameumwa shingoni na wameachwa palepale: shuku nguchiro au kicheche, na utafute tundu lisilozidi upana wa ngumi. Vifaranga wanatoweka mmoja mmoja mchana bila alama yoyote: tazama juu, mwewe wa Kampala amezoea watu kuliko unavyodhani. Mimea ya kunde au maboga juu ya waya wa uani itamficha kifaranga na kukupa mboga.

Kama mayai na vifaranga wadogo wanapungua usiku, na kuna kinyesi cha panya kwenye chakula, usianze na nyoka. Nyoka amefuata panya, na panya wamefuata pumba uliyoiacha kwenye chombo. Chakula kiondolewe jioni, kiwekwe kwenye pipa la bati lenye kifuniko.

Siafu ni habari nyingine. Wanakuja kwa msafara, hasa nyakati za mvua, na kuku anayetamia au aliyefungiwa hawezi kuokoka. Ukisikia vurugu bandani usiku na ukaona msafara, fungua mlango kwanza, waache kuku watoke, hata wakilala kwenye sukuma wiki. Banda lililoinuliwa kwa nguzo linakingwa kwa kusimamisha kila nguzo kwenye kopo lenye oili chafu, mradi hakuna jani wala kamba inayogusa ardhi na kuwapa daraja.

Kuku wanakufa ghafla

Hapa usipoteze muda. Uliza maswali mawili: nani amepulizia dawa nini, na wangapi wamekufa kwa kipindi gani?

Kuku waliokuwa wazima saa mbili asubuhi, na saa nane mchana wanadondosha mate, wanatetemeka, miguu haiwabebi, na bustani au shamba la jirani limepuliziwa, ni sumu. Dawa za wadudu za nyanya ni hatari zaidi kuliko dawa za ukungu kama mankozebu, lakini hakuna hata moja iliyo chakula. Fungia waliobaki, wape maji safi, na usimle aliyekufa wala kumpa mbwa. Siku zilizoandikwa kwenye lebo za kusubiri kabla ya kuvuna zihesabu pia kwa kuku: majani yaliyopogolewa kwenye nyanya iliyopuliziwa hayatupwi uani. Mbegu za mahindi zilizopakwa rangi nazo zina dawa. Na ukiwa na mparachichi juu ya banda, fahamu kwamba majani, maganda na kokwa yake yana sumu kwa ndege. Fenesi halina sumu, ila likianguka kutoka juu litatoboa bati.

Kama vifo vimeenea kwa siku kadhaa, kuna kuhara kijani, kuhema, shingo kujipinda, fikiria kideri (ugonjwa wa Newcastle). Huwa kinapita hasa wakati wa kiangazi, kipindi ambacho kuku wengi wanasafirishwa na bodaboda kwenda sokoni. Hakina tiba. Mpigie daktari wa mifugo wa wilaya yako, usiuze waliobaki, fukia waliokufa mbali na lundo la mboji na mbali na kisima. Chanjo ya matone ya jicho ya I-2 inavumilia joto kuliko nyingine na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Majirani wakichanja siku moja ndipo inaposaidia.

Nzi, na mchwa kwenye nguzo

Kwenye joto letu nzi humaliza safari yake kutoka yai hadi kuwa nzi mzima ndani ya siku kumi hivi, wakati mwingine saba. Kukwangua ubao kila asubuhi na kugeuza lundo kila wiki kunakata mzunguko huo. Chini ya banda lililoinuliwa ndipo watu wanaposahau: kinyesi kinapita kwenye mbao za sakafu, kinarundikana, mvua inakilowesha, na mabuu yanajaa. Pasakafie au pafagiwe kila siku tatu, na mtaro uzunguke.

Nguzo zinazoliwa na mchwa wengi huzipaka oili chafu ya gari. Juu ya ardhi, sawa. Usiimwage kwenye shimo la nguzo iliyo karibu na matuta, kwa sababu ina metali nzito na haitabaki pale ulipoiweka. Simamisha nguzo juu ya kitako cha zege.

Ikibidi kuhamisha banda

Kuna kiwanja ambacho kila tiba iliyotajwa hapa itashindwa, kwa sababu banda liko juu ya mteremko na mboga ziko chini yake moja kwa moja, au kisima kiko chini ya vyote viwili. Panga upya hivi: kisima juu, kikiwa umbali wa mita 30 au zaidi kutoka bandani, umbali uleule unaoachwa kwa choo, mboga zinazoliwa mbichi pembeni ya njia ya maji, banda chini yake, na chini ya banda migomba, ambayo itakunywa maji yote machafu na kukulipa kwa matooke (ndizi za kupika). Mahali pasiporuhusu, weka angalau mstari wa migomba au matete kati ya banda na matuta, pamoja na mtaro unaokata mteremko. Pande ndefu za banda zitazame kaskazini na kusini. Ikweta inapita Kayabwe, na saa sita mchana jua karibu mwaka mzima liko juu ya kichwa. Linaloingia bandani na kuchoma ni la asubuhi na la jioni, na hilo linakutana na kuta fupi.

Kazi hii ifanywe Januari au mapema Februari kwa walio ukanda wa ziwa, ili mvua za Machi zikute sakafu imeshakauka na mtaro uko wazi. Arua mvua huanza kukolea Aprili, kwa hiyo kuna wiki chache za ziada. Udongo wa banda la zamani usiupande mara moja. Uchimbue, uchanganye na majani makavu, umwagilie mara mbili tatu, kisha anza na mahindi au maboga.